Siku Nilipoing'arisha Divai ya Mama

Mama yangu anaitwa Dévote, na mtu yeyote wa mtaa wetu wa Ngagara, Karitie ya Tano, aliyewahi kushikwa na kiu Jumapili mchana anamjua. Kwa miaka ishirini na sita alitengeneza urwarwa, divai yetu ya ndizi, katika ua ule ule nyuma ya nyumba aliyotuachia baba. Mimi ni mwanawe wa kwanza, Valéry. Nasema mapema ili usije ukanitafutia sifa humu: aliyeharibu ni mimi.

Kwanza nikueleze kazi yenyewe, maana watu wanadhani ni kuponda ndizi na kungoja. Apana. Mama alinunua ndizi za divai kwa mtu mmoja wa Bubanza, zikiwa mbichi kabisa. Alizifukia kwenye shimo alilolitandika majani ya mgomba, akawasha moto mdogo pembeni ili joto na moshi viingie, kisha akafunika kwa udongo. Siku ya tano anafukua. Ndizi zimekuwa laini na za njano, ua mzima unanukia, hata mlevi aliyeacha anapita mara mbili. Anazimenya, anazitia ndani ya chombo cha mti uliochongwa, anazikanda pamoja na nyasi kavu mpaka maji yatoke na makapi yabaki kwenye nyasi. Maji hayo, kabla hayajachachuka, ni matamu, na sisi watoto tulikuwa tunapewa kikombe kimoja kimoja. Halafu anatia mtama uliokaangwa na kusagwa, anafunika kwa majani na blanketi, anaacha siku tatu pahali penye joto. Basi. Hakuna hamira ya dukani, hakuna sukari, hakuna kitu cha pakiti. Wengine mtaani walikuwa wanaongeza sukari na maji ili wajaze madumu, na mama alikuwa anawacheka bila kuwataja majina, isipokuwa Mama Lisette, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Huyo alikuwa anamtaja.

"Divai iko muzima," alikuwa anatuambia. "We uichunge tu, usiichokoze."

Na kuna jambo moja ambalo kwetu halina mchezo. Mwenye divai ndiye anaonja wa kwanza, mbele ya macho ya wageni, kisha ndipo wengine wanakunywa. Ni kuwaambia: kama kuna kitu kibaya humu, kianze na mimi. Watu huku wanaogopa sumu kuliko radi. Mama alikuwa haonji kwa kujidai. Alipiga funda moja, akapangusa mdomo, akakupa. Jina lake lote lilikuwa katika funda lile: kwa Dévote unakunywa bila kujiuliza. Jina hilo ndilo lililotusomesha mimi na mdogo wangu Chanelle, na hilo ndilo nililoliharibu.

Sasa mimi. Mimi ni mhudumu katika hoteli moja ya Kigobe, na kwa miaka mitatu sasa divai zote ziko chini yangu. Hoteli ilituletea mwalimu kutoka Ulaya, akatufundisha wiki mbili. Wiki mbili tu, ndugu yangu, nikatoka pale nimevimba kichwa. Nilijifunza kushika glasi kwa mguu wake, kuizungusha, kunusa na kufumba macho kama padri. Nilijifunza kwamba divai nzuri inang'aa, unaona vidole vyako upande wa pili, na kwamba yenye ukungu ni mbovu, irudishwe. Mwalimu alituonyesha pia unga mweupe wa salfa, ndugu wa kiberiti, ambao watengenezaji wakubwa hutia kidogo sana ili divai iache kuchachuka na isiharibike njiani. Akatugawia vipakiti vya mfano. Changu nilikiweka kabatini pamoja na cheti.

Tangu hapo nikaanza kumwonea haya mama. Nasema hivyo hivyo, sina namna nzuri ya kulisema. Nilikuwa nikirudi nyumbani nakuta madumu ya njano yamepangwa, ile divai ina rangi ya maji ya mfereji, povu juu, punje za mtama zinaelea, wazee wamekaa kwenye benchi wanaivuta kwa mrija na kusifu, nami napita haraka kama sijui ni kwa nani. Wenzangu kazini wakiuliza mama anafanya nini, nilikuwa najibu kwamba yuko kwenye biashara ya vinywaji. Eti biashara ya vinywaji.

Basi Chanelle akapata mchumba, Jordan, kijana wa Gihosha, familia ya watu waliosoma na wenye magari. Siku ya posa ikapangwa kwetu. Wao waje na vinywaji vyao, nasi tuwapokee kwa vyetu. Nikamshauri mama tununue chupa za divai ya Ulaya, mimi ningezipata kwa bei ya hoteli. Akakataa. Akasema mtoto wake ataposwa kwa divai ya mikono yake, au wageni wanywe maji. Nikamwambia watu wale watatucheka.

"Nani atacheka?" akaniuliza. "Wao ao we?"

Nikakasirika, na mtu mwenye hasira ambaye hana jibu ni hatari nyumbani.

Ijumaa, siku moja kabla ya posa, divai ilikuwa tayari. Mama aliionja asubuhi, akasema hii ndiyo nzuri kuliko zote alizotengeneza mwaka ule. Mchana akaenda kwenye mazoezi ya kwaya. Nikabaki peke yangu na madumu mawili. Nikachukua vitambaa vyeupe vya hoteli, nikaichuja mara tatu, mara nne, mpaka mtama wote ukabaki kwenye kitambaa. Bado ilikuwa na ukungu. Ndipo nikakumbuka kile kipakiti. Mwalimu alisema kiasi cha ncha ya kisu. Ncha ya kisu kwa divai kiasi gani? Sikukumbuka. Lakini mtu mwenye cheti atauliza kwa nani? Nikatia vijiko vitatu vikubwa.

Ikaacha kutoa povu. Kufikia jioni tope lilikuwa limeshuka chini, na juu palikuwa na kitu cha njano kinachong'aa mpaka nikatabasamu mwenyewe. Nikakimimina taratibu katika chupa tupu za hoteli, nikaziba vizibo, nikazipanga mezani. Mama aliporudi alishangaa kidogo. Alifikiri nimeichuja tu na kuihamisha kutoka kwenye dumu kwenda kwenye chupa. Akasema chupa si mbaya, ila nisizibane sana, maana divai inapumua. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hii ni kazi yangu.

Jumamosi wageni wakaja, watu arobaini hivi, wamevaa vizuri. Upande wao msemaji alikuwa Mzee Melchior, baba mkubwa wa Jordan, mtu mrefu mwenye sauti ya chini ambaye haongei kabla hajamaliza kufikiri. Mimi nilivaa glavu zangu nyeupe za kazini, nikapita kila kiti nikimimina. Watu walikuwa wanainua glasi kwenye mwanga na kuuliza kama kweli hii ni urwarwa. Mama Lisette alikuwepo na majirani wengine, naye aliuliza kwa wivu kabisa. Moyo wangu ulijaa. Halafu mama akasimama mbele ya wote kuonja, kama desturi ilivyo.

Nilimwona. Funda la kwanza lilipoingia, macho yake yalifunguka, kama mtu aliyekanyaga mwiba sebuleni kwake. Akaniangalia, mara moja tu. Halafu akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya. Hakuishia kwenye funda moja. Aliinywa glasi yote mpaka chini, bila kupumua, akaishusha. Glasi zilikuwa zimeshafika mikononi mwa watu, na Mzee Melchior akainua yake akanywa.

Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Mwanamke mmoja upande wao akanusa glasi, akasema inanuka njiti ya kiberiti. Mwingine akaiweka chini ya kiti chake na kuisukuma kwa mguu. Nikasikia neno likipita kwenye viti, lile neno ambalo mama alikuwa ameliepuka miaka ishirini na sita: dawa. Hapo hapo nami nikanusa chupa niliyoishika, na harufu ikanipanda puani. Nilikuwa nimeua divai na kuijaza kiberiti, halafu nikawapa watu waliokuja kumchukua dada yangu.

Mzee Melchior alipopata pumzi aliuliza, bila ukali, "Mama, humu mumetia nini?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwake. Mdomo wangu ulikuwa mzima, ulimi ulikuwa mzima. Maneno yalikuwa machache, mtoto wa shule ya msingi angeyasema. Nikawatazama watu wale wa Gihosha, nikatazama glavu zangu, nikanyamaza.

"Kosa ni ya mikono yangu, muzee," mama akasema. "Munisamehe."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini ardhi haimmezi mtu kwa kuombwa. Posa iliendelea. Watu walikunywa vinywaji vilivyoletwa na wageni, hotuba zikasomwa, Chanelle akatoka amependeza. Hakuna aliyeugua, ila wawili watatu waliamka na kichwa kinauma. Lakini mtaa una masikio. Wiki ile ile Mama Lisette alikuwa anasema kwenye bomba la maji kwamba kumbe miaka yote hiyo Dévote anatucheka sisi wa sukari, naye anatia madawa. Wazee wa benchi wakaanza kwenda kunywa kwingine. Walikuwa wakimsalimia mama kwa heshima, lakini hawakai.

Baada ya harusi mama hakununua ndizi tena. Alisema mabega yanamuuma. Shimo lile likajaa takataka, na kile chombo cha mti kikaegemezwa ukutani. Mikono yake haikuzoea kukaa bure, kwa hiyo alikuwa anafagia ua asubuhi, kisha anaufagia tena saa nne. Kuhusu ile divai hakuniuliza kitu hata siku moja. Asubuhi ananipa chai, anakaa mbele yangu mpaka nimalize, ananiuliza kazi inaendaje. Mimi nikajidanganya kwamba amesahau. Unaona mtu alivyo mjinga? Nilifikiri mwanamke anayeweza kukuambia ndizi zimekaa shimoni siku ngapi kwa kuzinusa tu, amesahau.

Miezi kadhaa baadaye akaja hotelini mgeni mmoja anaitwa Laure, binti wa hapa hapa aliyeishi sana Ulaya. Alikuja na chupa yake mwenyewe, akaniomba niifungue. Nikamimina kidogo, nikainua glasi kwenye taa, nikaona ukungu na vitu vinaelea. Nikasema kwa sauti, ili meza zote zisikie kwamba najua kazi: samahani Madamu, hii imeharibika.

Hakukasirika. Alinieleza kama unavyomweleza mtoto. Hii inaitwa divai ya asili. Zabibu zinalimwa bila dawa, zinakanyagwa, na zinachachuka zenyewe kwa hamira iliyoko kwenye maganda yake. Hawatii sukari, hawatii unga wa salfa au wanatia kidogo mno, hawaichuji. Ukungu si ugonjwa. Ni divai ambayo haikuvuliwa nguo zake. Akasema kuna watu Ulaya wanaoitafuta kwa udi na uvumba baada ya kuchoka na zile zinazong'aa. Kisha akaniambia nionje.

Nikaonja. Uchachu kwanza, halafu tunda, halafu kile kitu kinachochoma kidogo ncha ya ulimi. Haikuwa ndizi, lakini nilikijua. Nilikinywa tangu utotoni nyuma ya nyumba yetu. Laure akacheka akasema yeye bibi yake alikuwa anatengeneza urwarwa kule mlimani, sasa mimi Mrundi nashangaa nini? Nikamwomba radhi, nikaenda kusimama stoo kati ya kreti mpaka mwenzangu akaja kunitafuta. Mama alikuwa anafanya kazi ambayo watu wa mbali wanarudi kuisomea upya, na mimi nilikuwa nimeitibu kama kidonda. Kumwonea haya mama kulikuwa upumbavu. Hii ya sasa ndiyo ilikuwa haya ya kweli, na ilikuwa yangu.

Na bado sikusema. Usinisaidie hapo, hakuna sababu. Kila nilipopanga kusema, niliona uso wa Mzee Melchior na nikasema wiki ijayo.

Halafu Chanelle akajifungua mtoto wa kike. Kwetu binti akijifungua, watu wa kwao wanaenda kumhemba, yaani kumpelekea vinywaji na vyakula na kumpongeza, na familia zote mbili zinakutana tena. Ni heshima ya bibi, hasa kwa mjukuu wa kwanza. Mama akaniomba niagize kreti nne za bia. Nikauliza na divai je. Alikuwa anakunja nguo, hakuinua kichwa.

"Divai ya nani?" akasema. "Nikiipeleka, nani atakunywa?"

Basi Dévote wa Karitie ya Tano akaenda kumhemba binti yake na bia ya kreti.

Tulikuta sebule ya Jordan imejaa, sura zile zile za siku ya posa, na Mzee Melchior kwenye kiti cha mbele. Mama Lisette na majirani wengine walikuja nasi. Bia ya chupa haihitaji kuonjwa na mtu, inafunguliwa mbele yako na yamekwisha. Kwa hiyo mama hakuwa na la kufanya. Alikaa na mikono mapajani kama mgeni. Mama Lisette, chupa mkononi, akasema kwa kutania kwamba leo angalau tunakunywa bila kuogopa. Watu wakacheka. Na mama naye akacheka, kidogo, ili asiwaharibie.

Kicheko kile sikukiweza. Ningeweza kuvumilia akilia. Nikasimama. Nikasema bila hotuba, bila salamu hata:

"Divai ya siku ya posa ni mimi niliiharibu. Mama aliacha ikiwa nzuri. Nilitia dawa ya hoteli ili ing'ae, kwa sababu nilikuwa naona haya muione divai ya mama ilivyo. Yeye hakujua mpaka alipoonja."

Mama Lisette aliweka chupa yake chini polepole. Chanelle alinitazama na mtoto kifuani, akaniuliza kama nilikuwa nasikia walivyokuwa wanamsema mama muda wote huo. Nikamwambia nilikuwa nasikia.

Mzee Melchior akasafisha koo.

"Mi nilijua siku ile ile," akasema. "Mutu mwenye ametia kitu anakunywa bila kushituka, maana anajua nini iko ndani. Mama yako alishituka, halafu akamaliza glasi yote. Nikasema, huyu anakunywa kosa ya mutu mwingine. Nikaangalia watu wote pale. We peke yako ulikuwa unaangalia viatu."

Chanelle akamuuliza, kwa sauti ya kilio, kwa nini basi hakusema. Mzee akajibu kwamba kosa la nyumba linasemwa na mwenye nyumba. Alifikiri nitakuja baada ya wiki moja, mbili. Alikuwa amewaambia watu wa kwake wanyamaze, kijana atakuja. Kumbe nusu ya watu wale niliokuwa nawaogopa walikuwa wanajua, na walikuwa wananisalimia kwenye harusi, wananishika mkono, wanangoja.

Nikageuka kwa mama. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kumwomba msamaha, siku nyingi nilikuwa nayo, na yote yalinipotea. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake nikasema unisamehe, basi. Hakulia. Aliniangalia vile alivyokuwa akiniangalia mezani.

"Umekawia, Valéry," akasema. "Kila asubuhi nilikuwa nakaa mbele yako na ile chai. Nasema leo atasema. Ukimaliza, unaaga, unaenda kazi. Mwaka muzima na miezi mbili."

Akanyoosha mikono, akamwomba Chanelle mtoto, akampakata na kuanza kumtazama vidole. Watu wakarudia kuzungumza kwa sauti ndogo, mambo ya bei na ya mvua. Hakuna aliyeniambia niinuke, wala aliyeniambia nibaki pale, na mimi sikujua lipi ndilo lililo sawa.